Onyo na Mtenda: Lugha ya Maadili ya Uhandisi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Kila mara tukio la aina hii linapotangazwa, sentensi inayobeba habari huwa ya muundo mmoja: jengo limeanguka, jengo limeporomoka. Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro, na kwa mtu anayetaka kujua kilichotokea inatosha. Lakini anayeuliza ni nani aliyefanya au aliyeacha kufanya jambo gani hapati jibu ndani yake, kwa kuwa vitenzi hivyo havina nafasi ya kuweka jibu hilo.

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya maadili ya kazi ya uhandisi na lugha inayotumika kuyaeleza. Hoja yake kuu ni kwamba wajibu wa kwanza wa mhandisi, yaani kulinda uhai wa watu, hutekelezwa kwa sehemu kubwa kwa njia ya lugha: kuonya, kukataa, kuagiza, kuandika na kutia saini. Hesabu iliyo sahihi isiyosemwa kwa mtu anayehusika haimwokoi mtu. Kwa hiyo kanuni za maadili katika Kiswahili haziwezi kukamilika kwa kutafsiri istilahi peke yake. Zinahitaji pia kushughulikia namna Kiswahili kinavyomtaja au kumficha mtenda, na namna adabu ya mazungumzo inavyoweza kulipunguzia onyo nguvu yake.

2.0 Miiko na Maadili

Wazo kwamba mjenzi anawajibika kwa maisha ya watu ni la kale. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliweka adhabu ya kifo kwa mjenzi ambaye nyumba aliyoijenga bila uimara iliporomoka na kumuua mwenye nyumba. Adhabu hiyo ni ya kutisha, lakini kilicho muhimu hapa ni muundo wa sheria yenyewe: mtenda wake ni mjenzi. Sheria haianzi na nyumba iliyoanguka bali na mtu aliyejenga.

Kanuni za vyama vya wahandisi vya nyakati zetu hazikuanzia hapo. Nchini Marekani, kanuni za mwanzo zilizotolewa mwaka 1912 na 1914 zilisisitiza zaidi uaminifu wa mhandisi kwa mteja na mwajiri wake. Mwaka 1947 kanuni ya pamoja ya vyama vya uhandisi ilimtaka mhandisi azingatie usalama wa watu, na mwaka 1974 ikarekebishwa ili usalama, afya na ustawi wa umma viwe juu ya mambo mengine yote. Kwa Tanzania, Sheria Na. 15 ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya sasa mahali pa utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1968, na kuipa mamlaka ya kusajili wahandisi na kusimamia mwenendo wao.

Mjadala wa maadili ya kazi katika Kiswahili umezoea maneno mawili, miiko na maadili, ambayo mara nyingi hutumiwa kama visawe. Kisemantiki hayalingani. Mwiko ni katazo: hutaja jambo ambalo mtu hatakiwi kulifanya, na mwenye kulikwepa huhesabiwa kuwa safi. Ndivyo neno hilo lilivyotumika katika miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967, iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Maadili, kwa upande mwingine, yanajumuisha pia yale ambayo mtu anatakiwa kuyatenda.

Tofauti hii ina athari. Maadili ya mhandisi yanapoelezwa kwa miiko peke yake, yaani usile rushwa, usigushi vyeti, usipokee kazi usiyoiweza, anayejitokeza ni mhandisi asiye na doa lakini anayeweza kukaa kimya. Wajibu wa kuonya hauwezi kuelezwa kwa katazo. Matukio matatu yafuatayo, ambayo hufundishwa sana katika somo la maadili ya uhandisi, yanaonyesha jambo hilo. Katika yote matatu si rushwa iliyoua watu.

3.0 Matukio Matatu

3.1 Daraja la Quebec, 1907: onyo lisilofika

Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la chuma lililokuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec nchini Kanada, lilianguka likiwa na wafanyakazi 86. Kati yao 75 walikufa. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa ameongeza urefu wa nafasi kuu ya daraja kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, lakini uzito wa daraja lenyewe haukukokotolewa upya ipasavyo. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo ilionekana kwamba baadhi ya vyuma vya chini vinapinda. Ubishi ukazuka: wengine walisema vyuma hivyo vilikuja kutoka kiwandani vikiwa vimepinda, wengine wakasema vinapinda kwa kuelemewa.

Cooper alikuwa New York. Mkaguzi wake alisafiri kumpelekea habari ana kwa ana, na mchana wa tarehe 29 Cooper akatuma simu ya maandishi kutaka mzigo usiongezwe darajani. Aliituma Phoenixville, Pennsylvania, kwenye ofisi za kampuni ya ujenzi. Hakuituma Quebec. Kazi iliendelea hadi jioni, daraja likaanguka saa za kumaliza kazi.

Kwa mtazamo wa nadharia ya vitendo uneni iliyoasisiwa na Austin (1962) na kuendelezwa na Searle (1969), simu ile ilikuwa na umbo la onyo lakini haikukamilika kuwa onyo. Onyo halitimii kwa kutamkwa. Hutimia linapomfikia mtu aliye hatarini, au mtu mwenye uwezo wa kumtoa hatarini, wakati ambapo bado anaweza kutenda. Tume ya Kifalme iliyochunguza mkasa huo ilitoa ripoti mwaka 1908, na ripoti hiyo haikusema tu kwamba makosa yalifanyika. Iliwataja kwa majina wahandisi wawili, Cooper na P. L. Szlapka, ikaeleza kwamba daraja lilianguka kutokana na makosa ya uamuzi wao.

3.2 Kansas City, 1981: muhuri na dhamana

Tarehe 17 Julai 1981 vijia viwili vya juu vilivyoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, vilianguka juu ya watu waliohudhuria dansi. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Katika mchoro wa awali, kijia cha ghorofa ya pili na cha ghorofa ya nne vilitakiwa kuning'inia kwenye vyuma virefu vilivyotoka darini na kupita moja kwa moja. Baadaye kila chuma kirefu kilibadilishwa kuwa vyuma viwili vifupi, kijia cha chini kikaning'inia kwenye boriti za kijia cha juu. Kwa badiliko hilo nati zilizo chini ya boriti za ghorofa ya nne zilibeba mzigo mara mbili ya ule uliokusudiwa. Hata mchoro wa awali, kwa mujibu wa uchunguzi wa serikali, haukufikia kiwango cha uimara kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo.

Kampuni iliyotengeneza vyuma ilidai kwamba ilipiga simu kuomba idhini ya badiliko, wahandisi walikana. Lisilobishaniwa ni kwamba michoro yenye badiliko hilo ilirudi ikiwa na muhuri wa wahandisi. Uamuzi uliotolewa katika jimbo la Missouri mwaka 1985 uliwaona wahandisi wahusika kuwa na hatia ya uzembe mkubwa, na leseni zao za jimbo hilo zikafutwa.

Kiswahili kina neno linalofaa kueleza uzito wa muhuri huo: dhamana. Anayemwekea mwenzake dhamana mahakamani hasemi kwamba anamfahamu tu. Anakubali kudaiwa endapo mwenzake hatatokea. Vivyo hivyo muhuri wa mhandisi haumaanishi 'nimeuona mchoro' bali 'nidaini mimi'. Neno idhini, ambalo ndilo hutumiwa mara nyingi kueleza kazi ya muhuri, ni jepesi kwa sababu linaeleza ruhusa aliyopewa mwingine bila kueleza deni alilojitwisha mtoaji.

3.3 Challenger, 1986: mahali pa ukanushi

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, akiwamo Roger Boisjoly, walipinga kurushwa kwa chombo cha anga Challenger. Sababu yao ilikuwa baridi. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zilipoteza wepesi wa kunyumbuka katika baridi, na hapakuwa na uzoefu wa kurusha chombo katika baridi iliyotabiriwa. Boisjoly alikuwa ameonya kwa maandishi tangu Julai 1985 kwamba tatizo la pete hizo lingeweza kuleta maafa. Katika mkutano wa simu wa usiku huo, mkuu mmoja wa kampuni alimtaka makamu wa rais aliyesimamia uhandisi aache kufikiri kama mhandisi na afikiri kama meneja. Pingamizi likaondolewa. Chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na wote saba waliokuwamo wakafa.

Kiisimu, kilichogeuzwa usiku ule ni mahali pa ukanushi. Linganisha:

(1) a. Haijathibitishwa kwamba chombo ni salama.
b. Haijathibitishwa kwamba chombo si salama.

Sentensi hizi mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ndiyo hali halisi ya kutokuwa na hakika. Lakini amri inayotokana na kila moja ni tofauti. Anayeanza na (1a) husimamisha kazi; anayeanza na (1b) huiendeleza. Wahandisi waliozoea kutakiwa wathibitishe usalama walijikuta wakitakiwa wathibitishe hatari. Kanuni inayouweka uhai juu ya mengine yote inadai (1a) peke yake, na mhandisi hana budi kutambua pale anapovutwa kutoka sentensi moja kwenda nyingine.

4.0 Mtenda Aliyepotea

Kiswahili kina njia kadhaa za kueleza tukio lenye mtenda. Chukua mifano ifuatayo:

(2) a. Fundi alivunja boriti.
b. Boriti ilivunjwa na fundi.
c. Boriti ilivunjwa.
d. Boriti ilivunjika.
e. *Boriti ilivunjika na fundi.

Katika (2a) mtenda ni kiima. Katika (2b) amesogezwa lakini bado anatajwa, na katika (2c) ameachwa ingawa kitenzi kinakiri kuwepo kwake: mtu anaweza kuuliza 'na nani?' na swali likawa na maana. Kauli ya kutendeka katika (2d) ni tofauti. Hapo mtenda hakuachwa, bali hana mahali, kama inavyoonyeshwa na kutokubalika kwa (2e). Vitenzi vingi vya mikasa ya ujenzi huja kwa sura hii au inayokaribiana nayo: kuvunjika, kubomoka, kupasuka, kuporomoka, kukatika, kuanguka.

Hili si kosa la lugha. Kauli ya kutendeka ina kazi yake, na katika uchunguzi ndiyo inayofaa kwanza, kwa sababu hueleza hali ya kitu kabla ya kumshutumu mtu. Tatizo hutokea pale taarifa inapoishia hapo. Ripoti yenye sentensi 'nondo zilipungua, zege likakosa nguvu, nguzo ikapasuka' imeeleza mfululizo wa hali, kana kwamba nondo zina hiari ya kupungua. Kila kitenzi cha kutendeka katika ripoti kinapaswa kufuatwa na kitenzi cha kutenda: nani aliagiza nondo chache, nani alipima saruji, nani aliona na hakusema.

Msamiati nao huchangia. Neno ajali, lenye asili ya Kiarabu, limebeba tangu zamani maana ya majaliwa na saa ya kifo iliyopangwa, kabla ya kuzoeleka kwa maana ya tukio la ghafla. Methali 'ajali haina kinga' inatokana na mtazamo huo. Matangani methali hiyo ina mahali pake. Humliwaza mfiwa, na hakuna sababu ya kumnyang'anya. Lakini ikiingia katika ripoti ya uchunguzi inafuta taaluma nzima ya uhandisi, kwa kuwa uhandisi unasimama juu ya imani kwamba maporomoko yana kinga, na kwamba kinga hiyo ina mwenyewe. Methali inayomfaa mhandisi ni ile inayosema 'usipoziba ufa utajenga ukuta', ambayo humwekea mtenda kiambishi katika kila kitenzi. Hata hiyo ina upungufu mmoja: inamtishia mwenye ukuta kwa gharama, ilhali ukuta wa mhandisi huwaangukia watu wengine.

Kitenzi kuwajibika kinastahili kutajwa hapa. Katika siasa za Tanzania kimepata maana ya kubeba lawama kwa cheo, hata pale mtu hakutenda kosa kwa mkono wake. Maana hiyo huhusishwa na kujiuzulu kwa Ali Hassan Mwinyi mwaka 1977, alipoacha wadhifa wa Waziri wa Mambo ya Ndani kufuatia vifo vilivyotokea mikononi mwa vyombo vya dola. Maana hii ndiyo inayohitajiwa katika uhandisi. Aliyepiga muhuri hawezi kusema kwamba mkokotoo ulifanywa na msaidizi wake.

5.0 Lugha ya Eneo la Ujenzi

Katika Tanzania mhandisi husomeshwa kwa Kiingereza, na michoro, mikataba na vipimo vya ubora kwa kawaida huandikwa kwa lugha hiyo. Kazi yenyewe huendeshwa kwa Kiswahili. Uwiano wa zege ulioandikwa kwa Kiingereza humfikia kibarua ukiwa idadi ya makarai ya mchanga na kokoto kwa mfuko mmoja wa saruji. Kati ya karatasi na karai kuna tafsiri, na mara nyingi tafsiri hiyo hufanywa kwa mdomo bila mtu yeyote kuandika kwamba ameifanya. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo inaongeza haja ya kuwa na kanuni za kitaaluma zilizoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa fundi kama kinavyoeleweka kwa hakimu.

Tafsiri ya kanuni hizo ina mitego. Mfano mmoja ni kirai usalama wa umma. Neno usalama katika matumizi ya kila siku huelekea pia ulinzi wa dola, kama katika Usalama wa Taifa, kiasi kwamba kirai hicho kinaweza kusomwa kuwa ni habari ya polisi. Kueleza moja kwa moja, 'uhai na afya za watu', hakuachi mwanya huo.

Mtego mkubwa zaidi hauko katika istilahi bali katika adabu. Mhandisi kijana anapomwonya mwenye jengo aliyemzidi umri na ndiye anayemlipa, heshima humvuta kulilainisha onyo. Mifano ifuatayo ni ya kutungwa:

(3) a. Shikamoo mzee. Samahani, nilikuwa nafikiri labda ingefaa tuziangalie kidogo zile nguzo.
b. Shikamoo mzee. Zile nguzo hazitabeba ghorofa nyingine. Mkiongeza, jengo litaanguka na watu watakufa. Sitatia saini.

Sentensi (3a) ina vilainishi vitano: samahani, wakati uliopita wa nilikuwa, labda, hali ya -nge-, na kidogo. Msikilizaji ana haki ya kuielewa kuwa ni pendekezo, na pendekezo hukataliwa bila kosa. Katika (3b) heshima haikupungua. Imekaa mahali pake, yaani katika maamkizi na katika neno mzee. Haikuruhusiwa kuingia ndani ya kitenzi. Kiswahili kinampa msemaji nafasi ya kumheshimu mtu kikamilifu na papo hapo kumkatalia kikamilifu, na wazee wenyewe huitumia nafasi hiyo katika mabaraza. Kijana aliyefundishwa kwamba adabu ni kulainisha kila kitu amefundishwa nusu ya adabu.

Tofauti hiyo hiyo huonekana katika maandishi:

(4) a. Nyufa zimeonekana katika nguzo na hatua zinachukuliwa.
b. Nimekagua nguzo za ghorofa ya kwanza leo saa nne asubuhi. Tatu zimepasuka. Naagiza kazi isimame sasa na watu wote watoke.

Katika (4a) hakuna aliyeona, hakuna anayechukua hatua, na hakuna anayetakiwa kufanya lolote. Katika (4b) kila kitendo kina mwenyewe na kila aliye hatarini anajua la kufanya. Aliyeandika (4b) amejifunga, na kwa sababu hiyo ndiye aliyeonya.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maadili ya uhandisi yanapotazamwa kupitia matukio halisi hayaishii katika uaminifu wa fedha. Onyo la Quebec halikufika, muhuri wa Kansas City ulipigwa bila kubeba dhamana yake, na pingamizi la usiku wa Challenger lilizimwa kwa kugeuza ukanushi. Yote hayo ni matukio ya lugha yaliyoishia katika vifo.

Kwa Kiswahili, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kanuni za maadili ziandikwe kwa vitenzi vya kutenda vyenye mtenda aliyetajwa, na ziseme yanayopasa kutendwa, si miiko tu. Pili, ripoti za uchunguzi zianzie katika kauli ya kutendeka lakini zisiishie humo. Tatu, mafunzo ya wahandisi yajumuishe uandishi na utoaji wa onyo kwa Kiswahili, likiwamo onyo kwa mtu mwenye umri na mamlaka kumzidi msemaji. Hilo la tatu ni eneo ambalo idara za Kiswahili na vitivo vya uhandisi vinaweza kulifanyia kazi kwa pamoja. Data zake haziko maktabani. Ziko katika maeneo ya ujenzi, ambako kila siku mtu fulani ameuona ufa na anatafuta namna ya kusema.